Miguu ya Dada Katika Theluji ya Perry Barr

Perry Barr, Birmingham
21 Novemba 2024

Kwako mdogo wangu Jemima,

Pokea salamu za dada yako ambaye saa hii amevaa sweta tatu na bado ana furaha. Derrick anakusalimu. Mkewe Jepchirchir naye anakusalimu. Amepata nguvu tangu ajifungue, na ameanza kunikataza kumwamsha mtoto kwa kumtazama sana. Mtoto amepewa jina langu kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo mtu akiita Nyambura humu ndani tunageuka wawili, mmoja akilia na mwingine akiuliza kama chai imeiva.

Utajiuliza kwa nini ninaandika kwa kalamu ilhali Derrick amenipa simu mpya. Simu yako inakaa mikononi mwa wajukuu wako, Jemima. Nikikutumia sauti yangu inasikilizwa na watoto, majirani na yule anayekuletea nyasi za ng'ombe. Na huku kwangu Derrick mwanangu ni muuguzi, ana masikio ya kazi. Nina umri wa miaka sitini na saba na ninataka kusema na mdogo wangu peke yake.

Sasa nikwambie. Juzi nimeamka, nikavuta pazia, nikadhani gari la unga limepasuka barabarani. Theluji. Sisi ni watu wa Nyahururu, baridi tunaijua na umande wa kuganda tunaujua, lakini hiki ni kitu kingine. Kinaanguka bila sauti. Unatazama pipa la takataka na unaona ni zuri. Nilitoka na ndara zangu za nyumbani nikasimama katikati ya bustani nimefungua mdomo nikiionja, mpaka Derrick akaniona kutoka dirishani na kuja kunirudisha ndani kama kuku aliyetoroka.

Alinikalisha kitini akaniambia kwamba mtu mwenye sukari hatembei hivyo, na kwamba siku akiona hata mkwaruzo kwenye mguu wangu nitakaa ndani mpaka Aprili, siku ya ndege yangu. Nilikubali haraka ili anipeleke dukani. Nimenunua buti, Jemima. Nyekundu. Msichana wa duka alinishauri nichukue saizi ya juu, lakini ya juu ilikuwepo ya rangi nyeusi tu, na mimi nimevaa nyeusi ya kutosha tangu baba Derrick atuache.

Nimeandikishwa kwa daktari wa mtaa na nimechomwa sindano ya mafua. Niambie habari za nyumbani, na usiniandikie kwa ufupi.

Dada yako mwenye buti,
Nyambura


Nyahururu
6 Desemba 2024

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika salama na nimeisoma zizini, mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kuchungulia begani mwangu. Huku tuko sawa. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike mwenye miguu mirefu kama ya mwalimu wetu wa darasa la nne. Mvua imekataa kukoma. Mwanakwaya uliyemwachia nafasi yako anaimba juu sana na watu wanauliza utarudi lini.

Sasa wewe. Umenieleza buti kwa ukurasa mzima na hukunieleza miguu iliyo ndani yake. Daktari wa Nakuru alikwambia mbele yangu kwamba nyayo zako zimeanza kufa ganzi. Kwa hiyo kuna mtu mmoja nimemuuliza, mtu anayejua, na ameniambia nikwambie hivi. Ukiosha miguu, maji yapime kwa kiwiko, kwa sababu nyayo zako zitakudanganya. Kausha katikati ya vidole. Mafuta paka kisiginoni, lakini siyo katikati ya vidole. Soksi zikilowa zivue pale pale, hata kama uko kwa watu. Viatu vinunuliwe jioni, wakati mguu umevimba kidogo. Na kila siku tazama nyayo zako kwa kioo, kwa kuwa kidonda chako hakitakuuma.

Mtu huyo anasema kubana ni kubaya kuliko baridi. Nilipomtajia buti nyekundu alitikisa kichwa, kisha akacheka vizuri sana.

Nijibu kuhusu miguu.

Mdogo wako,
Jemima


Perry Barr
18 Desemba 2024

Jemima wangu,

Heri ya Krismasi mapema, wewe na nyumba yako na ndama mwenye miguu ya mwalimu. Hapa mtoto amejifunza kucheka, na amechagua kumchekea baba yake, mtu asiyekuwepo nyumbani nusu ya wiki. Jepchirchir ananifundisha kupika kwa tanuri. Derrick amenunua trei kubwa ya kuokea kuku wa Krismasi, na anaitunza kana kwamba ni gari.

Nina habari. Kila Jumanne kuna ukumbi hapa mtaani ambapo wazee tunacheza dansi. Wanaita mazoezi, lakini ni dansi. Tupo watu wa kila aina. Mwenzangu wa kucheza ni Mzee Gurnam, Sikh aliyezaliwa Nakuru akaondoka akiwa kijana, halafu akaendesha mabasi ya mji huu mpaka akastaafu. Kiswahili chake ni kile cha dukani tulichokisikia tukiwa watoto. Siku ya kwanza alinisikia nikihesabu hatua kwa Kiswahili, akasimama katikati ya ukumbi, akaniuliza kama kituo cha reli cha Nakuru bado kipo. Nilipomwambia kipo alifuta macho kwa ncha ya kilemba na tukaendelea. Usianze kufikiria mambo. Ana mke, Narinder, anayekaa kando na kutuambia tunakosea wapi.

Miguu haijambo, inakusalimu.

Lakini nieleze wewe. Huyu mtu mmoja ni nani? Mwanamume au mwanamke? Kwa nini unajua anavyocheka? Nimefundisha darasa la saba miaka mingi, najua mtoto anapoficha kitu nyuma ya mgongo.

Nyambura


Nyahururu
2 Januari 2025

Dada mpendwa,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Tuliuanza kanisani, tukaimba mpaka umeme ukapotea, tukaendelea bila umeme. Wajukuu wamekula nyama mpaka wakavimbiwa. Ndama ameanza kunifuata kila ninapokwenda, hata kanisani, ikabidi nimfunge.

Mtu mmoja ni mtu mmoja. Tuliache hilo.

Nilikuwa nataka kukwambia kitu kingine. Tuseme, tuseme tu, kwamba kuna mama fulani mwenye sukari, yuko nchi ya baridi, na ametokwa na lengelenge mguuni. Na tuseme halimuumi, kwa hiyo amelifunika kwa soksi na kunyamaza kwa kuogopa watu wa nyumbani. Mtu huyo niliyekutajia anasema mama kama huyo asingoje hata kesho. Asilitoboe, asilitie dawa ya kienyeji, asiseme litakauka lenyewe. Amwonyeshe muuguzi siku hiyo hiyo. Alisema hivyo akiwa ameacha kucheka.

Sisemi ni wewe. Ninasema tu.

Jemima


Nyahururu
3 Februari 2025

Dada,

Nimeenda posta mara nyingi mpaka karani amenizoea, sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa. Nilimpigia Derrick. Akasema mama yuko salama, amepumzika. Nikamuuliza amepumzika kwa sababu gani, wewe ambaye hukupumzika hata siku ya harusi yako. Akasema utaniandikia mwenyewe.

Niandikie hata kama ni mbaya. Ndama anakusalimu.

J.


Perry Barr
5 Februari 2025

Mdogo wangu,

Kabla ya salamu, jua kwamba vidole vyangu vyote vipo na ninaviona ninapoandika. Sasa salamu. Derrick hajambo, Jepchirchir hajambo, na Nyambura mdogo amepata jino linalotuuma sote.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na jibu. Nimelipata juzi, kwa hiyo sikiliza yote kuanzia mwanzo.

Mwanzoni mwa Januari theluji ilirudi, nzito kuliko ya kwanza. Ilikuwa Jumapili, Derrick yuko kazini, na ibada yetu ikaahirishwa. Jepchirchir alinitazama, nami nikamtazama. Jirani yetu Mandeep akajitolea kukaa na mtoto. Tukachukua ile trei ya kuku, tukaenda kwenye bustani kubwa karibu na uwanja wa riadha, ambako pana mteremko. Watoto wa mji mzima walikuwa pale na mbao na mifuko. Tulikaa kwenye trei, mimi mbele, mkaza mwanangu nyuma amenishika kiuno, mtoto mmoja asiyetujua akatusukuma kwa mguu.

Jemima, sijawahi kwenda kasi namna ile bila injini. Niliimba sauti ya kwanza ya wimbo ambao haujatungwa. Tulipofika chini kofia yangu haikuwepo, na Jepchirchir alikuwa amecheka mpaka hawezi kusimama. Tulipanda tena. Tukapanda tena. Baba mmoja alituomba trei, tukamnyima.

Buti zililowa. Nilijua zimelowa, kwa kuwa zilikuwa zinatoa sauti kama chura. Lakini sikusikia baridi wala kubanwa, na nikachukulia kwamba kutosikia ni uzima. Nyumbani nilivua, nikavaa soksi kavu, nikaketi na kuegemeza nyayo kwenye hita ya ukutani huku Jepchirchir akiandaa chai. Nilisinzia pale pale, mwenye heri. Nilipoamka hakuna kilichoniuma. Asubuhi iliyofuata wakati wa kuoga nikaona lengelenge chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kubwa kama shilingi kumi. Niliungua, Jemima, na mguu wangu haukuniambia.

Nikafanya kila kitu ulichosema nisifanye. Nililifunika. Nikajiambia litakauka. Nikamficha Derrick, kwa sababu nilikumbuka maneno yake, na nilikuwa sitaki kukaa ndani kama sufuria kabatini mpaka Aprili. Hata Jepchirchir sikumwambia. Likapasuka, pakawa na kidonda, na kila siku nikabadilisha soksi na kuepuka kioo.

Kisha barua yako ikafika. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilifika pale pa mama fulani mwenye lengelenge, amelifunika kwa soksi na kunyamaza, nikamwaga chai kwenye kitambaa cha meza. Niligeuka nyuma kuona ni nani aliyekuambia. Nilikagua hata dirisha. Bado sielewi ulijuaje, na utanieleza.

Pamoja na hayo yote nilikwenda kwenye dansi, ukaidi wangu unaujua. Tulipoanza tu Mzee Gurnam akaniachia mkono. Akanitazama miguu, akanipeleka kwenye kiti karibu na Narinder, akainama, akavua kiatu chake na soksi mbele ya watu wote. Mguu wake wa kushoto una vidole vitatu. Akanieleza kwamba naye ana sukari, na mwaka mmoja wa theluji aliweka chupa ya maji moto kwenye nyayo akalala nayo ikamuunguza, na kwa kuwa haikumuuma aliendelea kuendesha basi.

"Mama," akasema, "wewe nakanyaga kama mimi ilikanyaga ile mwaka. Kwenda ona daktari leo. Kesho hapana."

Narinder alikuwa ameshavaa koti. Walinipeleka wao wawili. Muuguzi wa kliniki alivua soksi yangu, akavuta taa karibu, na mimi ninajua muuguzi akivuta taa ni nini, ninaye mmoja nyumbani. Palikuwa na usaha. Alisafisha, akanipa vidonge, akanituma nikapigwe picha ya mfupa, akaniambia waziwazi kwamba kama maambukizi yameingia kwenye mfupa tutazungumzia kidole. Alikichukua kile kiatu changu chekundu, akaingiza vidole vyake ndani, akatikisa kichwa kama huyo mtu wako.

Derrick aliporudi kutoka zamu alinikuta sebuleni nimeinua mguu uliofungwa bandeji. Alikaa chini kwenye ngazi na nguo zake za kazi. Nilimweleza yote. Akauliza trei ipi. Nikamwambia ile ya kuku. Akaanza kucheka, Jemima, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na ndani ya kicheko hicho hicho akaanza kulia. Kisha akaja akapiga magoti na kuushika mguu wangu kwa mikono miwili, akasema nisimwogope tena, kwa sababu yeye anaogopa zaidi yangu. Nilimwahidi. Hakunifungia ndani. Aliniambia tu kwamba mtu aliyeteleza na trei hawezi kufungiwa.

Tulingoja. Picha ya kwanza haikuwaridhisha wakataka nyingine baadaye, na huo ndio ulikuwa ukimya wangu. Juzi wamesema mfupa ni safi. Kidonda kinajaa kutoka chini, polepole, jinsi wanavyotaka. Ninavaa kiatu cha kliniki kinachofanana na boti la kuvukia mto, na kila jioni Jepchirchir ananishikia kioo nitazame nyayo, huku mtoto akitaka kukilamba.

Nimekwambia langu lote. Sasa ni zamu yako.

Nyambura


Nyahururu
1 Machi 2025

Dada yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, ya kwanza nikivihesabu vidole vyako, ya pili nikimshukuru Mungu, ya tatu nikikuona kwenye trei. Nilicheka zizini peke yangu mpaka ng'ombe akageuka. Mpe Mzee Gurnam salamu zangu na umwambie kituo cha Nakuru bado kina saa.

Ninaandika haraka nisije nikabadili nia. Anaitwa Shem. Alikuwa tabibu wa zahanati ya serikali mpaka alipostaafu, ni mjane kama mimi, na kila Alhamisi anapima watu sukari na presha katika ukumbi wa kanisa. Nilimwendea nikuulizie wewe, sikuwa na nia nyingine. Alinijibu kwa upole, akitazama uso wangu badala ya daftari. Wiki iliyofuata nikagundua nina swali lingine. Iliyofuata, lingine tena. Nimeuliza kuhusu miguu yako maswali ambayo hata wanafunzi wa udaktari hawajawahi kuyawaza.

Halafu barua yako ya Desemba ikaja ikisema miguu haijambo, inanisalimu. Nikabaki bila swali. Alhamisi hiyo nilikaa mbele yake nikasema dada yangu hajambo, akasema vizuri, akaanza kumwita mtu wa nyuma yangu. Dada, maneno yalinitoka. Nikasema ila ana lengelenge, na analificha chini ya soksi. Akamwomba yule mtu angoje. Akavuta kiti chake karibu. Aliyoyasema ndiyo maneno niliyokuandikia, nikisingizia mama fulani, kwa kuwa ushauri ulikuwa mzuri na niliona aibu kuutupa.

Sijamaliza. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaomba watu waukumbuke mguu wa dada yake Jemima aliye ng'ambo. Waumini wote walifumba macho. Mimi nilifumba kuliko wote. Tuliombea kidonda ambacho nilikuwa nimekitunga mwenyewe, na kumbe wakati ule ule ulikuwa unakivalisha soksi.

Barua yako ilipofika nilimpelekea ukweli wote. Nilisimama, sikuthubutu kuketi. Akasema basi maombi yale hayakupotea. Kisha akaweka kipimo chake mezani.

"Ukija tena," akasema, "usije na mguu wa mtu. Njoo na wewe mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata nilikwenda na mimi mwenyewe. Akaniomba nimkubali awe mume wangu. Nimemwambia siwezi kujibu mpaka dada yangu atembee. Alisema atangoja, lakini naona anangoja kwa shida, kwa sababu juzi alimpima mtu mmoja presha mara mbili na kumsahau wa pili.

Nina miaka sitini na mitatu, Nyambura. Naosha vyombo na kujikuta nimesimama tu, sufuria mkononi, natabasamu dirishani. Watoto wananitazama. Niambie kama nimepotewa na akili.

Jemima


Perry Barr
18 Machi 2025

Jemima wangu, salamu kwa wote, nami sina subira ya kuwataja mmoja mmoja.

Jana muuguzi alifungua bandeji, akabonyeza, akaita mwenzake aje aone. Ngozi imefunga. Akaniambia nitazame kila siku maisha yangu yote, nisiegemee hita, nisiende peku hata chumbani, kisha akanifungulia mlango. Nimenunua viatu vipya, vipana, jioni kama ulivyoniagiza. Ni vyeusi na ninavipenda. Vile vyekundu Jepchirchir amevijaza udongo na kupanda maua mlangoni.

Leo ni Jumanne. Nimecheza wimbo mmoja na Mzee Gurnam, polepole, na Narinder hakuona kosa hata moja. Nikawasomea barua yako, nikitafsiri penye haja. Ukumbi mzima, watu wasiokujua, wamepiga makofi na kugonga sakafu kwa fimbo. Narinder amesema mwanamume anayeuombea mguu wa shemeji kabla hajamwona asiachwe apite. Derrick naye nimemweleza. Amesema, kwa sauti ya mwenye nyumba, kwamba atakuja Nyahururu na mtoto, na kwamba trei itabaki Birmingham.

Hujapotewa na akili. Umepata furaha ukiwa na mikono ndani ya maji ya vyombo, na hakuna ugonjwa wa jina hilo.

Uliahidi kujibu dada yako akitembea. Nimetoka ukumbini mpaka nyumbani kwa miguu yangu, Jemima, jua linawaka na barabara kavu, na sasa Jepchirchir amesimama na koti anangoja bahasha hii aipeleke posta. Barua hii ikikufikia siku ambayo si Alhamisi, mtafute anapokaa.

Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Nyambura